Watoto Aliowabeba Nsimire

Nsimire alikuwa mtu wa kuitwa. Mtoto akizaliwa Louisville, anaitwa. Mtoto akizaliwa Columbus, anaitwa. Na mwaka ule mke wa mwanawe Mirindi alipojifungua kule Lackawanna, jirani na Buffalo, aliitwa tena. Akafunga begi lake, akapanda basi la masafa marefu na kukaa kitini kutwa nzima na mkate wake na chupa ya chai. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Magoti yalimuuma, lakini hakuna aliyemuuliza habari za magoti.

Alikuwa mtu wa Kabare, juu kidogo ya Bukavu. Vita vilimtoa huko, kambi ya Burundi ikamshika miaka kumi, na mwaka 2015 akashushwa Louisville na watoto wake watatu, Josiane, Précieuse na Mirindi. Mume alikuwa amekwisha kuzikwa kambini. Louisville alifanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli, siku nzima kwenye mvuke, mpaka watoto walipoanza kutawanyika. Josiane alibaki palepale. Précieuse alifuata kazi za maghala Columbus, akapanga apatimenti Northland, nyuma ya maduka ya Waafrika ya barabara ya Morse. Mirindi alifuata rafiki yake kiwandani, kaskazini kabisa, kwenye theluji. Basi mama akagawanyika mara tatu. Wazazi wengine wa nchi hii huwapeleka watoto wao mahali pa kulelea watoto. Watoto wa Nsimire walikuwa na Nsimire.

Mtoto wa Lackawanna aliitwa Ezéchias. Mama yake, Irakoze, alikuwa Mrundi, mwanamke wa maneno machache aliyerudi kazini wiki ya saba baada ya kujifungua kwa sababu kiwanda hakingemngoja. Kuanzia siku hiyo Ezéchias alikuwa wa koko yake, yaani bibi yake. Nsimire alimwogesha kwenye beseni asubuhi, akampaka mafuta, akambeba mgongoni akipika, akalala naye mchana, pua kwa pua.

Kikohozi kilimwanza Nsimire huko, mwezi wa kumi na moja. Alisema ni upepo wa lile ziwa kubwa la jirani. Akanywa tangawizi na ndimu. Mwezi wa kumi na mbili kikawa bado kipo, na sketi ikaanza kumteleza kiunoni, na shuka likawa linalowa jasho ingawa dirishani kulikuwa na barafu. Hakumwambia mtu. Mwezi wa kwanza Précieuse alimpigia simu kutoka Columbus: wamembadilishia zamu ghalani, Nabintu hana wa kukaa naye. Nsimire akafunga begi tena.

Nabintu alikuwa na miaka mitatu, mzaliwa wa Columbus, msemaji sana, mwenye kujibu Kiingereza akiulizwa Kiswahili. Wiki chache baada ya koko kufika, akaanza kukohoa. Si kikohozi kikubwa, kikohozi kidogo tu, kikavu, cha kurudiarudia. Kisha akaacha kukimbia. Akawa anaketi kwenye zulia na sahani yake ya wali, anauchambua punje moja moja, hali hata moja.

Daktari wa kwanza alisema ni virusi, vimejaa shuleni msimu huu. Nabintu hakuwa ameanza shule, lakini Précieuse alishukuru, akarudi naye nyumbani. Daktari wa pili alisema ni pumu, akatoa pampu yenye kibarakoa chenye picha ya dubu. Walipomrudisha kwa mara ya tatu alipewa dawa ya maji, ya rangi ya waridi, ya siku kumi. Siku kumi zikaisha. Mtoto alikuwa amepungua uzito, na jioni mwili wake ulikuwa na joto dogo lisilopanda wala kushuka.

Kila safari ya hospitali ilikuwa pointi kwa Précieuse. Ghalani, ukikosa kazi unapewa pointi, na pointi zikifika sita unarudisha kitambulisho mlangoni, kazi imekwisha. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa na tano. Alikuwa akivua viatu mlangoni na kulala na koti. Nsimire alimwona, akazidi kukaza moyo. Alikoholea bafuni, bomba likiwa limefunguliwa.

Safari ya nne walikwenda hospitali kubwa ya watoto. Daktari alikuwa msichana bado, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala, na mkalimani alikuwa sauti ya mwanamume ndani ya kompyuta yenye magurudumu, Mtanzania kwa matamshi yake. Daktari alisikiliza kifua cha Nabintu kwa muda mrefu, upande wa kulia, kushoto, kisha kulia tena.

"Daktari anauliza," ikasema ile sauti, "mtoto amewahi kusafiri nje ya nchi?"

"Hapana," Précieuse akajibu. "Alizaliwa hapa. Hajatoka hata Ohio."

"Anauliza, nyumbani kuna mtu mzima mwenye kikohozi cha muda mrefu?"

"Hapana."

Précieuse hakudanganya. Alisema alichokijua. Nsimire alikuwa ameketi pembeni, koti la mtoto likiwa mapajani mwake. Alitazama lile koti, akalikunja mikono, mmoja, halafu mwingine.

"Iko," akasema. "Ni mimi."

Précieuse aligeuka. Daktari hakuhitaji mkalimani, alikuwa ameshauona uso wa Nsimire. Akafungua droo, akatoa barakoa, akampa Nsimire taratibu kama anavyopewa mtu kikombe cha maji, kisha akavaa yake.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwezi wa kumi na moja."

"Unatoka jasho usiku? Umekonda?"

"Ndiyo. Yote."

"Umewahi kuambiwa una kifua kikuu?"

Jibu lilikuwa refu. Mwaka ule wa kwanza, Louisville, walimpima damu na kumpiga picha ya kifua. Picha ilikuwa safi. Damu ilisema mdudu yumo, ila amelala. Hawezi kumwambukiza mtu akiwa amelala, walimwambia, lakini umeze vidonge miezi tisa asije akaamka. Alimeza miezi miwili. Vidonge vilimchoma tumbo, na kliniki ilikuwa mabasi mawili kutoka hotelini, na msimamizi wa kufulia hakupenda watu wa kuomba ruhusa. Akaacha. Kliniki ilimtumia barua mbili za Kiingereza, kisha kimya. Hakujisikia mgonjwa. Miaka ikapita, akasahau kama mtu anavyosahau jina la jirani wa zamani.

Alieleza hayo yote. Mkalimani aliyatafsiri pole pole, na sauti yake ilishuka kidogo alipofika mwisho.

Siku ile ile walimpiga Nabintu picha. Tezi za ndani ya kifua chake zilikuwa zimevimba zikaibana njia ya pumzi, ndiyo maana pampu ya dubu haikusaidia. Wakamlaza. Nsimire walimpeleka kliniki ya kaunti, akatema makohozi kwenye vikopo, na siku ya pili akapigiwa simu. Vijidudu vilikuwa vingi. Asitoke chumbani.

Yeye aliyekuwa akiitwa kila mahali sasa hakuweza kwenda popote. Précieuse alikuwa hospitalini na mtoto. Nsimire alikaa peke yake katika apatimenti, chumba cha nyuma, dirisha wazi kama alivyoambiwa, baridi ikiingia, akitazama mabasi ya barabara ya Morse yakipita.

Nesi wa kaunti alikuja asubuhi. Aliitwa Denise, mwanamke mnene wa umri wake, mwenye magoti mabaya kama yake, maana alipanda ngazi akishikilia ukuta. Alivaa barakoa yenye umbo la mdomo wa bata, akaketi karibu na dirisha, akaweka simu ya mkalimani mezani, akafungua daftari.

"Nahitaji majina ya watu wote uliokaa nao ndani tangu kikohozi kianze," alisema. "Kanisa, gari, nyumba. Lakini tuanze na watoto. Wadogo kwanza. Chini ya miaka mitano ugonjwa unakwenda haraka, na chini ya mwaka mmoja unaweza kupanda kichwani."

Nsimire alihesabu kwa vidole. Nabintu. Watoto wawili wa Josiane, waliokuja na mama yao Krismasi kumsalimia Lackawanna. Mapacha wa mama wa kwaya, aliokaa nao Jumapili mbili. Mtoto wa jirani wa chini. Vidole sita. Akasimama kwenye cha saba, akakishika kwa mkono mwingine.

"Ezéchias," akasema. "Ana miezi sita."

Denise aliandika, kisha akainua macho. "Ofisi yetu itawasiliana na ofisi ya kule. Inaweza kuchukua siku moja au mbili."

"Nitapiga mimi mwenyewe. Leo."

"Si lazima iwe wewe, mama."

"Nilimubeba mimi," Nsimire akasema. "Nitapiga mimi."

Alianza na Louisville kwa sababu ilikuwa rahisi. Josiane alilia, akauliza kama mama atakufa, akaahidi kuwapeleka watoto kesho yake. Kisha Nsimire akakaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Aliogopa simu ile kuliko alivyoogopa makohozi yenye damu aliyokuwa ameyaona asubuhi.

Mirindi ndiye aliyepokea.

"Haiwezekani, mama," alisema alipokwisha kusikia. "Hapa ni Amerika. TB ni ya kule."

"Ilikuja ndani yangu, mwanangu. Ilikuwa imelala."

"Bon, basi. Tungoje, pengine wamekosea. Batoto hapa banakohoa kila siku."

"Usingoje. Mirindi, usingoje. Mupe mke wako simu."

Kulikuwa na kelele ya sahani, kisha Irakoze akaja. Nsimire alirudia yote kutoka mwanzo, vidonge vya Louisville vikiwemo, bila kupunguza. Upande wa pili alimsikia Ezéchias akigongagonga kitu, kijiko pengine, kwenye meza.

"Mama," Irakoze akasema hatimaye, "ulipokuwa unamlaza kifuani kwako, ulikuwa unajua?"

Nsimire angeweza kusema hapana, na lisingekuwa neno la uongo kabisa.

"Nilijua niko na kikohozi," akasema. "Nilijua mahali fulani ndani yangu kuna kitu kililala. Sikuviweka pamoja. Nilikuwa nimechoka kuviweka pamoja."

"Ana joto tangu Jumatatu," Irakoze akasema. "Nilidhani ni meno."

Simu ikakatika.

Hakupewa habari siku mbili. Siku ya tatu Mirindi alipiga, na sauti yake haikuwa ya kubishana tena. Irakoze hakungoja gari. Alikuwa amemfunga mtoto mgongoni na kupanda basi mpaka hospitali, akamwambia mtu wa mapokezi neno moja alilolijua kwa Kiingereza, TB, akalirudia mpaka wakamchukua. Walimpiga picha, kulikuwa na doa kwenye pafu. Walimchoma sindano ya mgongo kuchukua maji ya ubongo, yakawa safi. Dawa zilikuwa zimeanza usiku uleule.

"Daktari anasema tumefika mapema," Mirindi akasema. "Nikamuuliza, kama tungekuja wiki mbili baadaye? Hakupenda kujibu."

"Na Mama Ezéchias?"

"Yuko hapa. Hapendi kuongea sasa."

"Haina shida," Nsimire akasema. "Mwache."

Kwa Nabintu mambo yalikwenda pole pole. Watoto wadogo hawajui kutema makohozi, wanayameza, kwa hiyo asubuhi tatu mfululizo, kabla hajala, walimpitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni kuyatafuta huko. Précieuse alimshika mikono. Baadaye alimsimulia mama yake kupitia mlango: asubuhi ya kwanza Nabintu alipiga kelele, asubuhi ya pili alilia bila sauti, asubuhi ya tatu alinyoosha mikono mwenyewe ashikwe, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Na pamoja na hayo yote hawakupata kitu. Denise alisema ndivyo ilivyo kwa watoto, vijidudu ni vichache, mara nyingi vipimo havivioni. Ilibidi waangalie makohozi ya koko ili wajue mdudu ni wa namna gani na dawa gani zinamuua. Dawa za kawaida zilimuua. Nsimire alishika habari hiyo kwa siku kadhaa kama kitu pekee alichowahi kuwapa wajukuu wake kisicho na madhara.

Mtoto alirudi nyumbani kabla mlango wa chumba cha nyuma haujaruhusiwa kufunguliwa. Nesi alikuwa amesema Nabintu hawezi kumwambukiza mtu, ila koko bado. Basi Nabintu alilala chali kwenye zulia la korido, akiongea kwa Kiingereza kwenye ule uwazi wa chini ya mlango, na Nsimire alilala upande wake, shavu sakafuni, akimjibu kwa Kiswahili.

Précieuse hakumkasirikia kwa maneno. Alikasirika kwa vyombo. Aliweka sahani nje ya mlango kwa kishindo, akaichukua kwa kishindo. Jioni moja alikuja akaketi kwenye korido, mgongo ukiwa ukutani.

"Mama, donc, kumbe ulikuwa unakohoa bafuni."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na pointi tano, Précieuse."

Nsimire akasikia kichwa cha binti yake kikigusa mlango, kikabaki hapo. Wakati huo pointi zilikuwa zimeshafika sita. Précieuse alikuwa amerudisha kitambulisho wiki moja kabla na hakuwa amemwambia mama yake. Alimwambia jioni ile. Wote wawili walikuwa wamefichana, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Kanisani habari zilifika kabla ya kaunti. Mama wa mapacha aliwapeleka watoto wapimwe, wakawa hawana kitu, lakini hakupiga simu tena. Wengine walisema Nsimire aliileta kutoka kambini, wengine walisema ni adhabu. Mwanamke mmoja wa kwaya alileta sufuria ya fumbwa, mboga ya majani, akaiacha kwenye ngazi, akapiga simu kutoka kwenye gari kusema iko pale. Nsimire hakujua kama ashukuru au alie. Akala, kwa sababu dawa zilihitaji tumbo lenye chakula.

Mwezi wa nne makohozi yake yalikuwa safi mara tatu, na mlango ukafunguliwa. Kilichobaki kilikuwa kumeza. Denise au msaidizi wake alikuja siku tano za wiki, akasimama akiwatazama koko na mjukuu wakimeza, kila mmoja fungu lake. Za Nabintu zilisagwa na kuchanganywa na tofaa lililopondwa. Alizitema. Wakajaribu na sharubati ya chokoleti, akailamba chokoleti na kuziacha dawa. Wakajaribu na asali. Siku nyingine ilichukua saa nzima, msaidizi akitazama saa yake, Nsimire akiwa amepiga magoti yale mabaya kwenye zulia, kijiko mkononi.

"No, koko," mtoto alisema, na machozi yake yalikuwa ya rangi ya chungwa kwa sababu ya dawa.

"Tazama. Mimi nameza. Sasa wewe."

Hakukuwa na siku ambapo ikawa rahisi. Ilifika tu siku ambapo mtoto alichoka kukataa. Akawa anafungua mdomo bila kutazama, huku akiangalia katuni, na Nsimire aliona huruma zaidi kwa hilo kuliko kwa kelele za mwanzo. Lakini mashavu yalirudi. Mwezi wa sita alikimbia kwenye maegesho ya magari, akaanguka, akachubuka goti, akainuka akaendelea kukimbia. Précieuse, aliyekuwa amepata kazi ya kutunza wazee Westerville, alisimama na sare yake, akamtazama, akaingia ndani.

Mwezi wa tisa Denise aliwapa wote wawili karatasi ya kumaliza. Alimkumbatia Nsimire, jambo ambalo halikuwa kwenye kazi yake, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Irakoze hakuwa amepiga simu miezi yote hiyo. Mirindi alituma picha: Ezéchias ameketi, Ezéchias amesimama ameshika kochi. Dawa zake nazo zilimalizika. Kisha mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi, jina la Irakoze lilionekana kwenye simu. Nsimire alifuta mikono kabla ya kupokea.

"Mama. Yule dada aliyekuwa anamlea Ezéchias amehamia Iowa. Nimetafuta mwingine, sijapata. Zamu yangu ni ya saa nane mchana. Mirindi anarudi saa kumi na mbili."

"Nimepona, Mama Ezéchias. Niko na karatasi."

"Najua. Mirindi alinionyesha. Sijamaliza kukasirika. Nakuambia ili usije ukidhani nimemaliza."

"Siwezi kudhani hivyo."

"Utakuja?"

Akafunga begi.

Lackawanna palikuwa na mvua nyembamba iliyotaka kuwa theluji. Irakoze alifungua mlango akiwa amevaa buti za kiwandani, nywele zimefungwa, macho yamezama. Hawakukumbatiana. Alimwonyesha maziwa yalipo, nepi zilipo, namba ya daktari ukutani, na Nsimire akaitikia kila kimoja kama mgeni, ingawa beseni lilikuwa lilelile na mahali palepale. Kisha Irakoze akatazama saa. Alisimama na mtoto mikononi muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akamkabidhi Nsimire.

Ezéchias alikuwa mzito. Alimtazama Nsimire usoni, akatazama mlango uliofungwa nyuma ya mama yake, akaanza kulia. Hakumkumbuka hata kidogo. Nsimire alimweka begani na kuanza kutembea, kutoka dirishani mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka dirishani, akiugeuza uso wake mwenyewe upande mwingine asimpumulie, ingawa alikuwa amepona na hapakuwa na sababu.